Pombe na Aliyeipika

Kuna kiumbe kimoja kisichoonekana kwa macho ambacho wanasayansi wa Ulaya, Marekani na Japani wamekichunguza kwa zaidi ya miaka sabini. Jina lake rasmi ni Schizosaccharomyces pombe. Neno la kwanza limeundwa kwa Kigiriki: kupasuka, sukari, kuvu. La pili halihitaji kamusi, uwe Kayole au Kaloleni. Ni pombe. Ile ile unayoijua.

Kiumbe hiki ni aina ya hamira, na kupitia kwake binadamu walielewa jinsi seli inavyoamua kugawanyika: nani hutoa amri, nani huzuia, na kwa nini amri hiyo ikivunjwa tunapata saratani. Mwaka 2001 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Nobel, na neno letu likafika Stockholm. Huku Eastlands, wanawake wanaopika kitu chenye jina hilo hilo wanamwaga mitungi wakisikia viatu vya karao kwenye kichochoro. Hizi ni njia mbili za neno moja. Hamira ilipanda meli ikaheshimika. Wapishi walibaki wakafukuzwa. Historia ya kwanza imeandikwa vizuri sana. Ya pili iko kwenye faili za polisi.

* * *

Neno pombe lilikuwa limesafiri mbali kabla ya kufika Ulaya. Pwani watu walikuwa na tembo la mnazi. Bara kulikuwa na kinywaji cha nafaka: mtama, wimbi, uwele. Misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji iliikuta pombe vijijini, na Wazungu waliofuata njia hizo waliandika neno kama walivyolisikia. Limo kwenye kitabu cha Richard Burton kuhusu maziwa makuu, kilichochapishwa mwaka 1860.

Miaka thelathini baadaye Ujerumani ilikuwa imejitwalia sehemu kubwa ya nchi zile. Meli zilibeba pembe, ngozi, mpira, na pia vitu vidogo vya kuchunguzwa: mimea, wadudu, mafuvu ya watu. Pombe ya nafaka kutoka Afrika Mashariki nayo ilifika Berlin, kwenye taasisi iliyofanya utafiti kwa niaba ya viwanda vya bia. Humo alifanya kazi Paul Lindner, mtaalamu wa hamira.

Hamira aliyoizoea Lindner, ile ya bia na mkate, huzaa kwa kuchipua. Seli mama hutoa kichipukizi ubavuni, kinakua, kinajitenga. Hii ya kwetu ilikuwa na tabia nyingine. Seli yake ilikuwa ndefu kama kijiti. Ilirefuka, ikajenga ukuta katikati, ikajikata vipande viwili sawa kama mtu anayekata muwa. Mwaka 1893 Lindner aliitangaza kuwa aina mpya na akaipa jina la kinywaji alichoitoa.

Katika sayansi, jina la kiumbe likiandikwa kwa ukamilifu hufuatwa na jina la aliyekitangaza. Kwa hiyo jina zima ni Schizosaccharomyces pombe Lindner. Lisome tena. Kuna kinywaji cha Afrika Mashariki na kuna mwanamume wa Berlin. Aliyelowesha nafaka, akaisubiri iote, akaikausha juani, akaisaga, akaipika, akaisubiri ichachuke, hayumo. Mahali pengi kwetu kazi hiyo ilikuwa ya mwanamke. Ukifikiria hivyo, Lindner alikuwa mtu wa mwisho kuishughulikia hamira ile, na ndiye aliyepewa jina la kwanza.

Lakini tusikimbilie kupiga kifua. Hamira iliyoleta Nobel haikutoka moja kwa moja kwenye chungu kile. Mwishoni mwa miaka ya 1940, Mswisi kijana aitwaye Urs Leupold alitafuta hamira ambayo angeitumia kuchunguza urithi. Aliipata kwenye hifadhi ya Delft, Uholanzi. Mbegu aliyopewa ilikuwa imetolewa miaka ya 1920 kwenye maji ya zabibu, huko huko Ulaya. Aina ilikuwa ile ile, kwa hiyo ikabeba jina lile lile. Karibu maabara zote za dunia zinazochunguza pombe zinatumia uzao wa mbegu ya Leupold. Kwa hiyo mtu wa Majengo hawezi kusema kwamba seli zile ni za shangazi yake. Anachoweza kusema ni kwamba kiumbe hiki kilitambuliwa kwanza kwenye kinywaji cha kwetu, na jina lake lilitoka vinywani mwetu.

Undugu wenyewe ni wa zamani kuliko sisi sote. Mwaka 2015 watafiti walichapisha uchunguzi wa mbegu 161 za hamira hii kutoka pembe nyingi za dunia. Wakikadiria kwa tofauti za DNA, walisema zilianza kusambaa takriban mwaka 340 kabla ya Kristo, na kufika mabara ya Amerika karibu mwaka 1623. Hizo ni tarehe za binadamu, za majahazi na misafara na watu wanaohama na vyungu vyao. Ni vigumu kuziangalia bila kufikiri kwamba hamira ilitembea nasi.

* * *

Wakati pombe ya Lindner ikitunzwa kwenye chupa za maabara, Nairobi ilikuwa inajengwa. Reli ilifika mwaka 1899. Mji ulitaka mikono ya Waafrika lakini haukutaka wakae. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 serikali ilitenga Pumwani, mashariki ya mji, na kuanza kuwahamishia huko watu wa vijiji vya awali. Ndio mwanzo wa Eastlands kama tunavyoijua: sehemu iliyopimwa na mtu mwingine ili Mwafrika aonekane akiingia na akitoka.

Wanawake waliifahamu nafasi iliyokuwamo. Luise White, kwenye kitabu chake cha mwaka 1990, The Comforts of Home, ameandika jinsi wanawake wa Nairobi ya kikoloni walivyojenga nyumba kwa pesa zao wenyewe, wakapangisha vyumba, wakauza chakula, mapenzi na pombe kwa wanaume waliotoka kazini bila mke wala jiko. Pombe ilikuwa biashara ambayo mtaji wake ni unga, kimea, maji na siku chache za kusubiri. Hamira ilikuja bure.

Mji haukuchukia pombe. Uliitaka faida yake. Durban, Afrika Kusini, ilikuwa imeonyesha njia tangu 1908: manispaa peke yake ndiyo inayopika na kuwauzia Waafrika, na pesa zinalipia gharama za kuwatawala. Nairobi iliiga. Katika miaka ya 1920 Pumwani ikapata ukumbi wa pombe wa manispaa, na mwanamke aliyekuwa akipika uani kwake akageuka mhalifu. Kinywaji kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni nani anakipika.

Mwaka 1922, ndugu wawili kutoka Uingereza, George na Charles Hurst, walianzisha Kenya Breweries huko Ruaraka. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na bia yao ikaitwa Tusker, ndovu mwenye pembe kubwa. Mwafrika wa kawaida hakuruhusiwa kununua bia ya chupa mpaka baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Kwa hiyo kwa miaka mingi mji huu ulikuwa na hamira za matabaka matatu. Ya mzungu ilikaa kwenye chupa, ya manispaa kwenye ukumbi, na ya mama chini ya kitanda. Zote zilikuwa zinakula sukari na kutoa kileo kwa njia moja.

Uhuru haukuzichanganya. Mwaka 1980 bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Mwaka 2004 kampuni ya Ruaraka ilileta Senator Keg, na serikali ikaipunguzia kodi ili iwavute wanywaji wa chang'aa. Msamaha ulikwenda kwa kiwanda. Kwa mama pima ulikwenda msako.

Busaa inavyopikwa huku si uchafu kama inavyosemwa redioni. Unga wa mahindi unakandwa na maji na kuachwa siku kadhaa ugeuke mchachu. Unakaangwa juu ya bati hadi uwe kahawia, unaanikwa. Kisha unaingia kwenye pipa na maji na kimea cha wimbi. Kimea ndicho kinachovunja wanga kuwa sukari, na sukari ndiyo hamira inayoitaka. Bakteria za uchachu nazo zimo, zikizuia vijidudu vingine visiingie. Baada ya siku chache inachujwa, na machicha yanapelekwa kwa nguruwe. Mpishi mzuri hupima joto kwa kiganja na kujua kwa kusikiliza povu kama hamira bado inafanya kazi au imeshiba. Wataalamu wa viwanda wanafanya hayo hayo kwa mitambo.

Naijua hoja ya upande wa pili na ni nzito. Novemba 2000, zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi, wengi wao wa Mukuru, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Wengine walipofuka. Ila methanoli ile haikuletwa na hamira. Iliongezwa na watu waliotaka kinywaji kiwe kikali haraka na kwa bei ya chini. Pale ambapo kazi inafanywa kwa kujificha, anayefuata ujuzi na anayetia sumu wanauza kwenye giza moja, na mnywaji hana namna ya kuwatofautisha.

* * *

Jina Schizosaccharomyces pombe nilikutana nalo chuoni, kabla karo haijaniishia nikarudi mtaani. Liliandikwa ubaoni, darasa likaangua kicheko, kicheko kikaisha, tukaendelea. Hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Nimelitafuta baadaye kwa simu, kwa bando la mtandao la usiku, na nililolikuta lilinishika kuliko mengi niliyowahi kufundishwa.

Tuanze na Paul Nurse. Alizaliwa Uingereza mwaka 1949 na kulelewa katika familia ya wafanyakazi wa kawaida. Alitaka chuo kikuu lakini alianguka mtihani wa Kifaransa mara kadhaa, na bila Kifaransa vyuo havikumtaka. Akaenda kufanya kazi kama fundi wa maabara kwenye kiwanda cha Guinness, Guinness hiyo hiyo inayouzwa kwenye baa za Buruburu. Baadaye chuo cha Birmingham kilimfungulia mlango. Nalitaja hili kwa sababu mtaani tumejaa watu waliosimamishwa na mtihani mmoja au risiti moja.

Nurse alisoma kazi ya Mmarekani Leland Hartwell, ambaye huko Seattle alikuwa akitumia hamira ya mkate kutafuta jeni zinazoongoza mgawanyiko wa seli. Mbinu yake ilikuwa ya fundi. Ukitaka kujua kazi ya nati fulani kwenye injini, itoe uone gari litasimamia wapi. Hartwell aliharibu jeni za hamira ovyo kwa kemikali, kisha akatafuta seli zinazoishi vizuri kwenye ubaridi lakini zikipashwa joto zinakwama zote hatua ile ile. Kila mkwamo ulikuwa na jeni yake.

Nurse aliamua kufanya hivyo kwa pombe. Alikwenda kwanza Bern kwa Leupold kujifunza kuizalisha, kisha Edinburgh kwa Murdoch Mitchison, mzee aliyekuwa ameisoma kwa miaka akipima jinsi inavyokua. Pombe ina faida moja ambayo hamira ya mkate haina. Kwa kuwa inakua kwa urefu tu na kukatika katikati, ukipima urefu wake unajua imefika wapi. Ikifika kama mikromita 14, yaani vipande 14 vya milimita iliyogawanywa mara elfu, inagawanyika. Jeni za mgawanyiko zikiharibika, seli inaendelea kurefuka bila kukatika.

Siku moja aliona kinyume chake: seli zinazogawanyika zikiwa nusu ya ukubwa wa kawaida. Waskoti husema wee kwa kitu kidogo, basi jeni iliyoharibika ikaitwa wee1. Maana yake ilikuwa kubwa. Kitu kikiharibika na kazi ikachelewa, huenda umegusa chochote. Kikiharibika na kazi ikawahi, umegusa breki.

Akatafuta seli nyingine ndogo kama hizo, karibu hamsini, na zote isipokuwa moja zilikuwa na hitilafu kwenye wee1. Ile moja karibu ipotee. Ilikuwa kwenye sahani iliyoingiliwa na kuvu, na kuisafisha ni kazi ya kuchosha. Ilikuwa Ijumaa jioni, mvua inanyesha. Nurse akaitupa kwenye pipa la taka, akaenda nyumbani. Baadaye moyo ukamsumbua, akarudi mvuani, akaitoa. Mtu anayeokota Dandora ataielewa hadithi hii haraka. Hitilafu ya seli ile ilikuwa kwenye jeni nyingine, cdc2, na cdc2 ndiyo iliyokuwa kitufe chenyewe.

Picha ikakamilika polepole. Cdc2 hutengeneza protini inayotoa amri ya kugawanyika. Wee1 huifunga protini hiyo seli ikiwa bado ndogo. Jeni nyingine, cdc25, huifungua seli ikikomaa. Tim Hunt, akichunguza mayai ya urchini wa baharini mwaka 1982, aliona protini nyingine zinazojaa na kubomolewa kila mzunguko wa seli. Hizo ndizo mwenzi wa cdc2. Bila wao haiwaki.

Swali likabaki: hii ni tabia ya hamira tu au ni yetu pia? Mwaka 1987, jijini London, Melanie Lee na Nurse walichukua seli za pombe zilizoharibika cdc2, ambazo hazingeweza kugawanyika, wakazimwagia vipande vya DNA ya binadamu. Nyingi hazikufaidika. Chache zikaamka, zikagawanyika. Walipotazama kipande kilichoziokoa, kilikuwa jeni ya binadamu iliyofanana na cdc2. Sisi na hamira tuliachana zaidi ya miaka bilioni moja iliyopita, na bado kitufe cha mtu kinaweza kuwasha seli ya pombe.

* * *

Kabla seli haijakatika kuna kazi nyingine, nayo ni kunakili DNA. Masharti ni mawili. Inakiliwe yote. Inakiliwe mara moja tu. Ikibaki kipande, mtoto mmoja atazaliwa na maandishi pungufu. Ikinakiliwa mara mbili mahali fulani, hesabu inavurugika.

Sharti la pili liliwasumbua wataalamu. Seli ina sehemu nyingi za kuanzia kunakili. Inajuaje kwamba hapa nimeshapita? Mwaka 1988 Julian Blow na Ron Laskey, wakifanya kazi na mayai ya chura, walipendekeza kwamba DNA hupewa leseni. Ndio neno walilotumia. Leseni inatolewa kabla ya kazi kuanza, inatumika mara moja, inachanika, na haitolewi nyingine mpaka seli igawanyike.

Pombe ilisaidia kuonyesha nani hubandika leseni hiyo. Mmoja wao ni protini iitwayo Cdc18. Inafika kwenye sehemu za kuanzia wakati cdc2 imetulia, na kuruhusu mashine ya kufungua nyuzi za DNA ifungwe pale. Cdc2 ikipanda, mashine zinaanza kazi, na wakati huo huo Cdc18 inaondolewa. Mkono unaosema anza ndio unaofunga ofisi ya leseni. Mwaka 1995 Hideo Nishitani na Nurse walilazimisha seli itengeneze Cdc18 kupita kiasi. Ikanakili DNA tena na tena bila kugawanyika, kama mtu aliyepewa kitabu kizima cha risiti zilizopigwa muhuri.

Kuna na wakaguzi. Mwaka 1988 Ted Weinert na Hartwell walionyesha kwamba hamira yenye DNA iliyoharibika husimama, ikatengeneza, ndipo ikaendelea. Ukiondoa jeni moja, RAD9, haisimami. Inagawanyika na uharibifu wake, kisha inakufa. Kabla ya hapo watu wengi walidhani seli iliyoumia inashindwa tu kuendelea. Kumbe inakataa.

Kwa sisi wa huku mfano uko karibu. Aprili 2016 jengo la ghorofa sita liliporomoka Huruma usiku wa mvua, na watu wapatao hamsini wakafa. Lilikuwa tayari kwenye orodha ya majengo ya kubomolewa. Ghorofa zilikuwa zimepanda, wapangaji wamelipa, na aliyepaswa kusema simama hakusikika. Saratani ni ujenzi wa namna hiyo ndani ya mwili. Seli moja inapoteza breki, nyingine mkaguzi, uzao wake unapanda ghorofa juu ya ghorofa.

Lakini angalia jinsi leseni ya seli inavyotofautiana na ya kanjo. Ya seli inamfikia kila anayestahili, kwa wakati wake, na inakataliwa kwa sababu moja tu: kazi imeshafanyika. Sheria ya vileo ya mwaka 2010, ambayo watu huiita sheria ya Mututho, ilihalalisha chang'aa kwa masharti. Uwe na leseni, na uuze kwenye chupa ya glasi isiyopungua mililita 250. Kwenye karatasi marufuku imeisha. Korogocho, mwanamke anayepika lita ishirini kwa wiki ili kulipa kodi ya nyumba atapata wapi kiwanda cha chupa? Mlango umefunguliwa kwenye ukuta ambao hawezi kuufikia.

* * *

Mtu anaweza kuuliza haya yote yanamsaidia nini mtu wa Umoja anayegombania matatu asubuhi. Yanasaidia, na hasa wanawake wale wale.

Saratani ya mlango wa kizazi ni kati ya zinazoua wanawake wengi zaidi Kenya. Karibu visa vyote huanza na virusi vya HPV, vinavyoambukizwa kwa ngono. Virusi hivi havina mashine za kutosha za kunakili DNA yao, kwa hiyo vinaiba za seli. Protini yao iitwayo E7 inaibana breki ya seli inayosubiri, na seli inaanza kunakili DNA bila kuamriwa na mwili. Nyingine, E6, inamvunja mkaguzi aitwaye p53, ambaye angeisimamisha seli hiyo au kuiua. Ni mitambo ile ile iliyofumbuliwa kwa hamira na mayai, ikiwa mikononi mwa mwizi.

Tangu Oktoba 2019 serikali inatoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa kuanzia miaka kumi, bila malipo, kwenye vituo vya afya vya umma. Mtaani kumevuma ati inaleta utasa. Haileti. Inachofanya ni kuufundisha mwili uwatambue wezi kabla hawajaingia. Mama aliyepita umri wa chanjo ana kipimo, na ugonjwa ukionekana mapema hutibika. Kama una binti, mdogo wako, au mpwa wa umri huo, hilo ndilo jambo la kubeba kutoka kwenye makala haya hata ukisahau jina la Lindner.

Kuna na dawa. Palbociclib, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2015 kwa saratani ya matiti, inafanya kazi kwa kuzizuia ndugu za cdc2 mwilini mwa binadamu. Ni tunda la moja kwa moja la utafiti huu. Si dawa utakayoikuta kwenye kemisti ya mtaani, na hata ungeikuta, bei ingekurudisha nyumbani. Neno lilitoka huku bure. Dawa inarudi kwa ndege.

* * *

Mwaka 2002 maandishi yote ya urithi ya pombe yalichapishwa: kromosomu tatu, jeni karibu elfu tano. Orodha ya waandishi wa makala hayo ina watu zaidi ya mia moja, kila mmoja kwa jina na taasisi yake. Hivyo ndivyo inavyofaa. Kazi ya mikono mingi iandikwe kwa majina mengi.

Ningependa kufanya hivyo hivyo kwa upande huu. Ningeanza na Pumwani ya miaka ya 1920, nije Shauri Moyo, Mathare, Korogocho, niandike nani alimfundisha nani kukaanga unga, nani alijua kimea cha wimbi kinatosha kwa kukinusa, nani alisomesha watoto watano kwa pipa moja. Baadhi yao wako hai. Wanazungumza ukikaa nao, na wana maneno ya kila hatua ambayo sijayaona kwenye kamusi yoyote.

Lakini mwanasayansi akiandikwa jina kwenye makala anapata heshima. Mpika pombe wa Eastlands akiandikwa jina anampa karao ushahidi. Hiyo ndiyo sababu ya pengo ulilolipitia ukisoma. Humu nimetaja Wajerumani, Waswisi, Waingereza, Wamarekani na Mjapani mmoja. Sijamtaja hata mwanamke mmoja aliyepika. Wenyewe waliniomba nisiwataje, na walikuwa na haki.